Birika la Mkono wa Kushoto

Stechford, Birmingham
Ijumaa jioni

Kemunto mwanangu,

Sikuandikii kukukumbusha pasipoti wala soksi nzito. Akili unazo, na baridi ya Japani itakufundisha habari za soksi kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu leo asubuhi nilipokwenda kuchukua ufagio chini ya ngazi nilikuta sanduku lako la safari liko wazi, nusu tupu, na vile visu vyako vya kufinyangia umevirudisha kwenye droo ya jikoni, kando ya mwiko wangu wa ugali. Nilipokuuliza ukasema, "Mum, nita-defer tu. One year. It's fine." Kisha ukatoka kwenda Digbeth kuwaaga marafiki zako, au kuwaambia kwamba huendi tena, sijui. Mimi nimekaa hapa mezani na kalamu. Nina hasira, na nikiwa na hasira huandika vizuri kuliko ninavyosema, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujaanza ile "but Mum" yako.

Najua kilichokutoa nguvu. Ni kile kikao cha Jumapili. Baba yako mdogo Ombati alikuja kutoka Leicester na suti yake ya mazishi, akaja na mzee wa kanisa, wakakaa kwenye sofa letu, wakanywa flaski nzima ya chai yangu na mandazi yote, ndipo wakakumbuka kwamba wana neno.

"Sasa mama," akakuambia, "hii maneno ya kufinyanga, ni career ama ni hobby?"

Ulimjibu vizuri. Ulimwambia kwamba fundi wa mabirika kule Tokoname amekukubali kwa miaka miwili, kwamba mwanzoni utafagia karakana na kukanda udongo, kwamba hivyo ndivyo kila mtu anavyoanza.

"Umewacha pharmacy uende kukanyaga matope Japan? Mfinyanzi hulia gaeni, hujasikia? Na Mwafrika na birika ya Wajapani, wapi na wapi?"

Ulicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu mpaka hapo alikuwa hajakugusa. Halafu akashusha sauti kama watu wanavyoishusha wakiwa na mfiwa. "Na mama yako? Baba yako hayuko. Mgongo wake unaujua. Utamwachia nani?" Mzee wa kanisa akasema "Amina," ingawa hakuna aliyekuwa ameomba. Niliuona uso wako ukianguka. Mimi nilikuwa nimeinama kukusanya vikombe, na mpaka nipate la kusema, walikuwa wameshavaa makoti. Ombati akaniaga kwa heshima kubwa: "Usijali shemeji, mtoto ameelewa."

Umeelewa nini, Kemunto? Mimi mwenyewe, mwenye mgongo, sikuulizwa. Walinigawa pale sebuleni kwangu kama vile mimi ni ng'ombe wa urithi, na wewe ukakubali kunichunga. Basi maneno ambayo yangetoka Jumapili yanatoka leo.

Nikueleze habari ya nyanya yako na mimi, ambayo umeisikia nusu. Unajua nimekulia kwenye chai, kule milima ya Nyamira. Kabla ya shule tulikuwa shambani na vikapu mgongoni, tunachuma majani mawili na chipukizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Tulichuma chai nzuri na kunywa makapi yake, kwa sababu ile nzuri ilikwenda ng'ambo, na sasa nimefika ng'ambo nimeikuta dukani imefungwa kwenye vifuko vidogo. Hiyo nusu unaijua. Nusu ya pili ni kwamba nilipomaliza shule, meneja wa kiwanda aliwaita vijana waliofaulu akawapanga mbele ya vikombe vyeupe vya chai isiyo na maziwa. Unavuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kelele, kama mtu asiyefunzwa adabu, unaizungusha mdomoni, unaitema ndooni, unasema umeonja nini. Wenzangu walisema vyote ni chai tu. Mimi nilisema hiki majani yake yalichumwa yakiwa na maji ya mvua, na hiki kimekaa kwenye gunia muda mrefu. Yule meneja alivua miwani yake. Baada ya wiki chache niliambiwa kuna nafasi ya kwenda Mombasa kusomea uonjaji wa chai.

Sikwenda. Babu yako alikuwa amefariki karibuni, nyanya yako alikuwa na mguu unaovimba, na ndugu zake walikaa kwenye viti vyetu kama hawa walivyokaa kwenye vyetu vya hapa. Wakaniuliza swali lilelile. Nilibaki, nikasifiwa kanisani, nikapigiwa makofi. Na tangu siku hiyo nikawa mtoto mbaya. Nilimpikia, nilimfulia, nilimkanda mguu, na kila kitu nilikifanya huku nimebana midomo. Nikisikia mtu anataja Mombasa nilikuwa natoka nje. Nyanya yako akinisemesha nilijibu neno moja. Kila mtu aliona binti mwema, isipokuwa yeye aliyekuwa akiishi naye.

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kumuaga nikija Uingereza na wewe ukiwa tumboni, tulikuwa tunachambua maharagwe. Akaniambia bila hasira, bila hata kuinua macho: "Moraa, chai yako ilikuwa chungu. Ulikuwa ukiniwekea kama askari jela anavyomwekea mfungwa uji. Mimi sikukuomba ubaki. Uliogopa Mombasa, ukausingizia mguu wangu."

Niliinuka nikamwaga maharagwe yote. Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimeiogopa Mombasa. Niliogopa kwamba ningefika kule na kugundua kuwa ulimi wangu ni wa kawaida tu. Mguu wa mama ulinipa pa kujificha, na kwa kujificha kwangu nilimtoza yeye.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu moyoni mwako, si kwa simu: ni mgongo wangu, au ni Tokoname? Kama ni hofu, sema ni hofu. Hofu naiheshimu, tumeishi pamoja siku nyingi. Lakini usiivalishe nguo zangu.

Sasa Bi Haruko, yule mzee wa Kijapani niliyemhudumia. Watu wa kikao walimtaja kama vile ni mchawi aliyekuroga, na wewe ulinyamaza kwa kumheshimu marehemu. Mimi simheshimu kwa kunyamaza, nitamsema alivyokuwa. Alikuwa mkali. Alikuwa mjane wa sonara mmoja wa Hockley, Mwingereza, na aliishi peke yake kwenye fleti iliyokuwa juu ya karakana ya mumewe. Ofisi yetu ya wahudumu ilinituma kwake nimsaidie kuoga, kuvaa na kunywa dawa. Siku ya kwanza nilitaka kumfurahisha. Nikaona birika dogo jekundu la udongo, kishikio chake kimetoka ubavuni kama mpini wa sufuria, nikasema hiki kibirika kimekaa vizuri. Nikatia maji, maziwa, majani na tangawizi, nikakibandika juu ya gesi. Kwetu birika kazi yake ni kukaa motoni, au siyo? Lilipasuka kwa kishindo, maziwa yakazima moto, na Bi Haruko akatokea mlangoni na fimbo yake.

Watu wakisikia Japani siku hizi hukimbilia kukueleza kwamba kule chombo kikivunjika hujazwa dhahabu kwenye nyufa kikawa kizuri kuliko mwanzo. Hata mhubiri wetu ametuhubiria hiyo. Basi Bi Haruko, mjane wa sonara, aliyekuwa na dhahabu nyumbani, aliviokota vipande akavitupa kwenye pipa la taka. Akapiga simu ofisini mbele yangu akasema wasinitume tena. Ofisi haikuwa na mtu mwingine. Kesho yake asubuhi nikagonga mlango.

"Ni wewe tena," akasema.

"Ni mimi tena," nikasema.

Ndivyo tulivyoanza. Mwanzoni alinikataza kugusa chochote cha chai, nikawa nasimama pembeni naangalia. Alichemsha maji kwenye kettle, akayamimina kwenye kijibakuli chenye mdomo ili yapoe, halafu ndipo yakaingia kwenye birika lake jingine lenye majani. Mimi niliyelelewa kwamba chai isiyochemka mpaka ipande ni chai ya mgonjwa, niliona huyu mama anateseka bure. Siku moja akanipa nionje. Ulimi wangu, ule uliokuwa umelala tangu Nyamira, uliamka. Lilikuwa jani lenyewe, halijafichwa na kitu. Nilitoka pale nikalia kwenye kituo cha basi, na waliokuwepo walidhani nimefiwa.

Alikuwa na vikombe viwili vya pamoja, kikubwa na kidogo, ambavyo kule wanandoa hupewa: kikubwa cha mume, kidogo cha mke. Yeye alikuwa akinywea kile kikubwa. Nikamuuliza kama ni kwa kumkumbuka mzee. "Hapana," akasema, "ni kwa sababu nina kiu." Alikuwa amehamia kile kikubwa siku waliyomzika, kabla hata wageni hawajatoka. Mwanangu, nilimpenda mwanamke yule.

Halafu wewe ukaja. Nilikuwa siwezi kuinama, ukaja na gari kunichukua, na Bi Haruko akakualika kwa lazima, akakuambia umimine. Ukalichukua birika kwa mkono wako wa kushoto. Lile birika limefinyangwa kwa ajili ya mkono wa kulia: kishikio kiko upande mmoja na mdomo umegeuzwa pale ambapo kifundo cha mkono wa kulia kinageukia. Ukajipinda kama mtu anayejikuna mgongo, chai ikaenda kwenye sinia. Na mimi bila kufikiri nikapaza sauti: "Mkono wa kulia, Kemunto!"

Ile sauti unaijua. Uliisikia tangu ukiwa mdogo, wakati mwingine na kofi juu ya kile kiganja. Nilifunzwa kwamba mkubwa hapewi kitu kwa kushoto, nikakufunza hivyo kwa mkono mzito, hapa Birmingham ambapo nusu ya watu hawajui hata unawapa kwa mkono gani. Nilikuwa nikiona aibu mbele ya ndugu. Aibu yangu ndiyo iliyokuwa ikikupiga, nawe ulikuwa ukilia ukiniambia "it just goes there, Mum." Ule mkono ulikuwa unakwenda unakotaka, na nilichokosea ni kuuona kuwa ni ukaidi.

Bi Haruko alinitazama mimi, si wewe. "Kosa ni la birika," akasema. Akakueleza kwamba mabirika ya mkono wa kushoto yapo lakini ni wachache wanaoyafinyanga, ni mpaka uagize. "Au utengeneze mwenyewe." Baba yake alikuwa mfinyanzi huko Tokoname, na enzi hizo mwanamke hakukaribishwa karibu na tanuri, basi yeye alibaki kubeba na kufunga vya wengine mpaka akachoka, akaolewa mbali. "Mimi nilizuiwa," akakuambia. "Wewe nani amekuzuia?" Ukamaliza mwaka wa pharmacy ukaacha, ukaenda kujifunza kwenye ile karakana ya Digbeth yenye paa linalovuja, na kabla Bi Haruko hajafa alishampigia simu mpwa wake, huyo fundi wa Tokoname, akamwambia kuna msichana wa mkono wa kushoto anakuja. Hakumuuliza kama ana nafasi, alimwarifu tu.

Sasa nirudi kwa "wapi na wapi" ya baba yako mdogo, maana ilinikereketa wiki nzima. Wapi na wapi? Chai yenyewe Japani ni mgeni. Watawa waliitoa China, na kwa muda mrefu waliisaga ikawa unga, wakaikoroga kwenye mabakuli, wakubwa na wapiganaji wakashindana nani ana bakuli bora. Na bakuli lililotukuzwa kuliko yote halikuwa la mfalme. Lilikuwa bakuli la kawaida la mwanakijiji wa Korea, zito, limepinda kidogo, ambalo mwenyewe pengine alilia wali bila kulitazama. Mabwana wa Japani walilipenda hata walipokwenda kupigana Korea walirudi na wafinyanzi wenyewe, wamewateka, na hao mateka ndio waliojenga matanuri ambayo leo Wajapani wanajivunia. Baadaye watu wa kawaida wakaanza kunywa chai ya majani, ikahitajika birika dogo, na mfano wake pia ukatoka China. Na hiyo Tokoname yako, Bi Haruko alinieleza kwa kujigamba, ni mji uliokuwa ukifinyanga mitungi na mabomba ya maji machafu. Walipotaka kutengeneza mabirika mazuri walimwita fundi wa Kichina aje awafundishe. Hawakuona haya.

Hiyo ndiyo asili ya seti ya chai ya Kijapani, Kemunto: mgeni, mateka, mtengeneza mabomba na mnunuzi mwenye jicho. Hakuna aliyezaliwa nayo. Ombati anakunywa chai ya Nyamira, kwa maziwa kama alivyofunzwa na mkoloni, kwenye kikombe kilichoandikwa jina la timu ya mpira ya Leicester, na haoni wapi na wapi. Lakini binti wa mchuma chai akisema nataka kufinyanga kitu cha kumiminia chai, mbingu zinaanguka. Wakikuuliza tena, waambie mama yangu alichuma, mimi nafinyanga, na nyinyi endeleeni kunywa.

Na usiende ukidhani kwamba kule kila kitu utakielewa kwa sababu unakipenda. Nikupe kisa changu na Mama Neema wa kanisani kwetu, ambacho nilikuficha kwa aibu. Bi Haruko alipohamishiwa kwenye nyumba ya wazee alinipa ile seti yake iliyobaki. Wewe ulikuwa chuoni na gari, basi Mama Neema akanibebea boksi kwenye gari lake. Usiku nikafungua: birika, kile kijibakuli cha kupozea maji, na vikombe vitano. Nikatafuta cha sita. Nilikunjua magazeti yote. Visahani pia hapana. Kila mwanamke wa kwetu anajua vikombe ni sita na visahani sita, vinakaa kwenye kabati ya sebuleni vikingoja askofu. Kwa hiyo cha sita kilikuwa kimekwenda mahali.

Sikumwita mwizi. Nilifanya vibaya zaidi. Nilimpigia nikamuuliza kwa upole kama hakuna kitu kilichobaki kwenye buti. Nikampigia tena. Mara ya tatu akaelewa, akaja mpaka mlangoni na kanga yake imefungwa kiunoni.

"Mi njo mwizi, Mama Kemunto? Mi nilikimbia Bukavu na watoto mgongoni, niliacha nyumba nzima na vyombo yote, halafu nikuje huku kuiba kikombe moja? Moja? Ya kunywea nini, dawa?"

Hakukaa karibu nami kanisani mpaka miti ikaota majani. Siku moja nikamwomba Bi Haruko radhi kwamba seti yake imepungua, nimepoteza kikombe. Alishtuka. "Vimebaki vingapi?" Nikasema vitano. Akanitazama kama mtu anayeangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Ni vitano," akasema. "Seti ni vitano." Kule huhesabu hivyo, kila mtu anajua, na sahani zao pia ni tano. Hizi sita zetu tuliuziwa na Waingereza, tukafikiri ni amri ya Mungu.

Nilibeba lile boksi lote nikaenda nalo kwa Mama Neema, nikapiga magoti mlangoni, na mvua ilikuwa inanyesha. Aliniacha pale kidogo, alikuwa na haki. Halafu nikammiminia chai. Akaonja, akakunja uso mpaka macho yakapotea. "Hii ni maji ya sombe!" Sombe kwao ni kisamvu. Tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo, ile chai ya Alhamisi unayodhani ni ya kikundi cha maombi ndiyo hiyo. Yeye hutia sukari vijiko vinne. Bi Haruko angemfukuza, mimi namsogezea kopo.

Nakueleza hivyo kwa sababu utakosea kule. Utahesabu vitu vya watu kwa hesabu za kwenu, utamshuku mtu mwema, utamwudhi mtu mkali. Ukikosea usijifungie chumbani ukanipigia ukisema unarudi. Rudi kwenye mlango uleule asubuhi, useme ni mimi tena.

Na sasa swali la Ombati, maana nimelizunguka vya kutosha. Utamwachia nani mama yako? Nitakujibu kwa ukweli. Naogopa. Nyumba hii ikiwa kimya najisikia vibaya, hata redio hainisaidii. Mgongo unauma na utaendelea kuuma, uwepo usiwepo. Hujawahi kuuponya kwa kukaa kwenye kochi ukiangalia simu. Kuna usiku nitakaoamka nimesahau kwamba umekwenda. Nitakukumbuka mpaka nikukasirikie. Yote hayo ni yangu, nimeyachuma kwa kukupenda, na sitaki mtu anipunguzie kwa kukuvunja miguu.

Ninachokiogopa zaidi ni kingine. Naogopa ubaki. Naogopa uanze kuniletea chai kwa midomo iliyobanwa. Naogopa siku moja uzeeni nikuambie maneno ya nyanya yako, na wewe umwage maharagwe. Mimi nilimfanyia mama yangu hivyo kwa miaka, na sitakaa kwenye kiti chake. Nimekataa. Hiyo ndiyo sababu nzima ya barua hii.

Kwa kuwa nakujua, na najua utasoma haya, utalia, utanikumbatia, halafu utasema "but Mum, one year," nimeshachukua hatua. Leo mchana, ulipokuwa Digbeth, nimerudisha visu vyako kwenye sanduku na kulifunga. Kisha nimevua mashuka yako na kutandika mengine. Mpwa wa Mama Neema amepata nafasi ya kusomea uuguzi hapa na hakuwa na pa kukaa. Nimempa chumba chako. Nimemwekea na ufunguo wako, ule uliouacha kwenye bakuli, kwa hiyo usiutafute. Anaitwa Esperance, ametoka kwao juzi, na hajawahi kuona baridi. Leo utalala na mimi kitandani kwangu, kama ulivyokuwa ukifanya baba yako akiwa kazini, na usinipige mateke.

Kesho nakusindikiza hadi stesheni ya mabasi ya Digbeth. Basi lako la Heathrow litaondoka, na muda mfupi baadaye la kwake litaingia kutoka London. Kwa hiyo ukishapanda na kukaa, usigeuke dirishani kuangalia kama nimesimama nalia. Nitakuwa nalia, lakini nitakuwa upande wa pili, na koti lako la zamani mkononi, nampokea mtoto wa mwenzangu.

Mama yako,
Moraa